Gari la Viti Viwili

"Ondoka hapo kwenye mkeka, binti. Ondoka kabla sijaita wanaume waje wakuondoe."

Aliyesema hivyo ni Shangazi Andongwisye, dada wa marehemu, na alisema mbele ya wanawake wote waliokuwa matangani. Atupele aliinuka. Alikaza kanga yake kiunoni, akapita katikati ya miguu iliyonyooshwa mkekani, akatoka nje kwenye manyunyu. Hakuna hata mmoja aliyesema "mwache akae, ni mtoto wetu." Wanawake wale wale waliokuwa wakimletea vitambaa vyao awashonee bure walitazama ukuta. Mimi nina hasira nao mpaka leo, na sioni sababu ya kuificha.

Alikwenda kukaa kwenye banda la mabati nyuma ya migomba, ubavuni mwa lile gari la viti viwili. Hakuwa na pahali pengine. Kwao ni Isongole, kwenye viazi na baridi, na hakutaka kurudi huko kabla hajazungumza na Jairo. Jairo ndiye mchumba wake; ng'ombe wa mahari walishapokelewa, harusi ya kanisani ndiyo iliyobaki. Jairo ndiye mtoto pekee wa marehemu. Na tangu wamzike mzee, Jairo alikuwa hajamwambia neno jingine zaidi ya "ndaga", pole, neno ambalo huku kwetu mtu humpa hata mpita njia.

Atupele alishitakiwa kwa makosa mawili yanayopingana. Shangazi alisema alimgusa mzee, ndiyo maana mzee akafa. Jairo, kwa maneno aliyokuwa akiwaambia watu, alisema hakumgusa mapema, ndiyo maana mzee akafa. Wewe ungejitetea vipi hapo?

Kwa asiyetujua, nieleze kidogo. Kwetu sisi Wanyakyusa, kwa desturi ya wazee, mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Ng'ombe wa mahari wakishapokelewa, basi. Binti akimwona mzee anakuja njiani huingia migombani, akajifunika kichwa mpaka apite. Haongei naye, hali naye, jina lake halitaji. Si chuki. Ni heshima, na mzee naye huilinda upande wake: hukohoa kabla ya kukata kona ya nyumba ili binti apate kujificha. Vijana wa Tukuyu mjini walikuwa wameanza kuicheka desturi hiyo, na mchungaji alishasema kanisani kwamba imepitwa na wakati. Mzee Ambilikile, marehemu mwenyewe, alimsikiliza mchungaji kwa adabu zote, akarudi nyumbani, akaendelea kukohoa penye kona.

Na Atupele alimpenda mzee huyo ambaye hakuwahi kumwona vizuri. Alizijua nyayo zake, kikohozi chake na nyimbo zake za kanisa alizokosea maneno. Akipika ndizi zikamfurahisha mzee, Jairo ndiye aliyetumwa: "Mwambie mwenye chungu, ndaga sana." Hapo ndaga ni asante, na siku nzima Atupele alikuwa na raha.

Gari lilikuja mwaka ule magari ya mtumba kutoka Japani yalipoanza kupanda milima ya Rungwe. Jairo alikuwa fundi kwenye gereji moja ya mtaa wa Bagamoyo, pale pale mjini Tukuyu, mikono myeusi kwa oili na macho yanayocheka kabla ya mdomo. Mzee aliuza shamba lake la miti ili mwanawe apate gari. Likaja: jeupe, refu, la viti vya safu tatu, lililokuwa la familia fulani huko ng'ambo. Kwenye kioo cha nyuma palikuwa bado na kibandiko cha paka alichobandika mtoto wa watu.

Lilikuwa gari la familia na walilitumia kama familia. Jairo na Atupele mbele, mzee safu ya nyuma kabisa, na katikati Atupele alitundika kanga aliyoishonea vipete ivutwe kama pazia. Walikwenda hivyo kanisani. Walikwenda hivyo Igogwe, hospitali ya misheni, mzee alipokuwa akipimwa kifua. Desturi haikuvunjika na hakuna aliyebanwa.

Halafu ikaja kampuni ya utalii kutoka Arusha. Wakati ule kila mwenye gari na akili alikuwa akitafuta biashara yake mwenyewe, na kampuni hiyo ilitaka fundi wa kusini mwenye gari gumu, atangulie mbele ya magari ya wageni akiwa amebeba maji, mafuta, vyakula na vipuri: Kitulo kwenye maua, kisha chini kabisa mpaka Katavi, majuma mazima porini bila kuona duka. Jairo alirudi nyumbani siku hiyo akiwa kama mlevi.

"Atu, wananitaka mimi. Na wanataka mpishi. Nimewaambia mpishi ninaye, namwoa tukirudi."

"Umeniuliza?"

"Nakuuliza sasa."

"Sasa umeshawaambia." Akamrushia ganda la ndizi, akacheka, na kukubali kwake ndiko huko.

Nani asingependa siku zile? Jairo aliongeza majani ya springi mpaka gari likasimama juu kama jogoo. Alichomelea keria nzito juu ya paa, akafunga mbele winchi ya kujinasua topeni, akapandisha bomba la kuvutia hewa ubavuni mwa kioo ili gari lisinywe maji mtoni. Atupele alikaa pembeni na cherehani, anashona turubai la hema. Jairo alimfundisha kuendesha kwenye uwanja wa shule, mkono wake juu ya mkono wa Atupele kwenye gia, na mara nyingi mkono ule ulisahau kuondoka hata gia ilipokuwa imeshaingia.

"Unanifundisha gari au unanifundisha nini?" Atupele alimwuliza.

"Vyote. Ukifaulu kimoja nakupa cheti."

Kisha ikafika asubuhi ya viti. Atupele alimkuta Jairo chini ya gari, anafungua bolti, safu mbili za viti ziko nje kwenye nyasi.

"Viti unavipeleka wapi?"

"Stoo. Hapa litakaa tangi la maji, hapa mafuta ya akiba, hapa kabati la vyakula mpaka darini. Nitachomelea wavu, kila mlango na kufuli yake."

"Na tata atakaa wapi?" Tata kwetu ni baba.

Jairo alitoka chini ya gari akiwa amelala chali, akamtazama kutoka huko chini, uso umejaa vumbi na furaha.

"Tata tutamkodia gari la watu siku ya Jumapili. Hili si gari la kwenda kanisani tena, Atu. Viti viwili vinatutosha. Mimi na wewe tu."

Atupele alitabasamu. Nampenda, lakini kwa hilo simtetei: alitabasamu. Mtu anayependa akiambiwa "mimi na wewe" hasikii kitu kingine. Mzee alivipita vile viti kwenye nyasi jioni ile, akasimama, akavitazama, kisha akakohoa na kuingia ndani. 

Siku mzee alipofariki, Jairo alikuwa ameshuka Mbeya kuchukua matairi ya porini, na funguo za yale makufuli ziko mfukoni mwake. Mvua ilikuwa ikimwagika. Majirani karibu wote walikuwa kwenye mashamba ya chai, maana ilikuwa siku ya lori la kiwanda kupokea majani. Atupele alikuwa bandani anashona, na alipomsikia mzee akikohoa aliinamisha kichwa kama kawaida. Lakini mzee alikohoa tena, na tena, na hakupita. Atupele alichungulia. Mzee Ambilikile alikuwa ameegemea ukuta wa jiko, mkono umeshika kifua, kichwa kimeinamia ukutani.

Atupele akamgeuzia mgongo ndipo akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza kwake, na alilitamka kwa wingi wa heshima.

"Tata, mnaumwa?"

Mzee alivuta koti lake kuukuu akajifunika uso. "Ita wanaume," akasema.

"Wanaume wapo kwenye chai, tata. Ni mbali. Gari lipo hapa. Naweza kuendesha."

Mvua ilipiga mabati. "Nitakaa nyuma," mzee akasema. "Weka ile kanga yako."

Moyo wa Atupele ulipasuka. "Nyuma kumejaa, tata. Kumefungwa kwa makufuli. Kimebaki kiti hiki cha mbele tu, hapa ubavuni mwangu."

Mzee alisogea taratibu mpaka kwenye gari. Alichungulia dirishani, akayaona masanduku ya bati yaliyopanda mpaka darini, wavu, makufuli. Alitazama muda mrefu, mkono uko kifuani. Kisha akasema kwa sauti ndogo, si kwa Atupele wala kwa mtu yeyote:

"Mwanangu amewatengenezea wageni gari. Mimi hakuniwekea pahali."

Akachukua fimbo yake, akaanza kutembea kwenda Igogwe.

Atupele aliwasha gari akamfuata. Fikiria jambo hilo. Gari lililotengenezwa kuvuka mito na kupanda mawe linatambaa kwa gia ya kwanza katika tope, nyuma ya mzee mgonjwa anayetembea kwa miguu, na binti ametoa kichwa dirishani analia.

"Tata, pandeni! Nawaomba kwa jina la Kyala, Mungu wetu! Nitafumba macho!"

"Ukifumba macho," mzee akajibu bila kugeuka, "utaendeshaje?"

Na hapo, Atupele angeapa mbele ya msalaba, mabega ya mzee yalitikisika kidogo kwa kicheko. Naye akacheka katikati ya machozi. Ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho walipocheka pamoja. Walipita shamba la mwisho la migomba. Penye mteremko mzee aliketi ukingoni mwa njia, kwa utulivu, kama mtu anayepumzika, kisha akaanguka ubavu.

Atupele aliruka akamkumbatia. Hakufumba macho. Aliuona uso wake kwa mara ya kwanza: macho ya Jairo yale yale. Alimbeba, sijui kwa nguvu gani, akamkalisha kwenye kiti cha mbele akamfunga mkanda, akaliendesha gari lile kama Jairo mwenyewe asivyowahi kuliendesha. Igogwe manesi walikimbia na machela. Daktari alimpima, akamfunika.

Maneno ya mzee Atupele hakumwambia mtu. Wanawake walimwuliza, "Alisemaje?" akasema, "Hakusema." Alijua yatakapokwenda. Jairo alilijenga lile gari kwa mapenzi yake yote, na alimpenda baba yake kuliko kitu chochote. Maneno yale yakimwingia hayatatoka tena. Atupele aliamua kuyameza. Alidhani hayo ndiyo mapenzi, na mimi siwezi kusema alikosea.

Sasa alikuwa amekaa bandani, na Jairo akaja.

Alikuja na koti la baba yake mabegani. Alikuwa amekonda kwa siku chache zile. Atupele alisimama, miguu yake ikataka kumkimbilia, akaizuia. Walitazamana. Kwa muda mfupi macho ya Jairo yalikuwa yale ya kwenye uwanja wa shule, kisha yakajifunga.

"Shangazi anasema uondoke," akasema.

"Nimemsikia. Na wewe unasemaje?"

"Mimi nataka kujua jambo moja. Kwa nini hukumpakia?"

"Nilimwomba, Jairo."

"Ulimwomba!" Alipiga bampa kwa kiganja. "Mtu anakufa, wewe unamwomba? Una mikono. Ungembeba!"

"Nilimbeba."

"Baada ya kuanguka!"

"Kabla hajaanguka nisingeweza. Alikuwa na akili zake timamu. Alikuwa na fimbo yake. Ningemkamata baba yako kama mbuzi?"

"Ndiyo! Ndiyo, ungemkamata! Watu walikuona, Atu. Mama mmoja alikuwa kwenye migomba yake, anasema gari lilikuwa nyuma, mzee mbele. Unamfuata kwa gia ya kwanza kama unasindikiza ng'ombe mnadani!"

Neno hilo lilimchoma Atupele. Mtu mwingine angesema pale pale. Mtu mwingine angepiga kelele: fungua hayo masanduku yako, nionyeshe pahali pa kumweka! Midomo yake ilifunguka. Ikafumbwa.

"Alikataa," akasema tu. "Hakutaka kukaa na mimi mbele."

"Mila," Jairo akasema kwa chuki. "Mila imeniulia baba."

"Usiitukane. Ilikuwa ya kwake."

"Mma! Hapana!" Sauti ilitoka migombani. Shangazi Andongwisye alikuwa amewafuata, kitambaa cha msiba kimefungwa kiunoni, fimbo ya marehemu mkononi. "Mila haijaua mtu. Aliyeua ni huyu. Alimsemesha kaka yangu. Akamshika kwa mikono yake. Akamkalisha ubavuni kwenye gali kama bwana yake!"

"Shangazi, alikuwa ameshaanguka," Atupele alisema.

"Alianguka kwa aibu! Mkwe anamwita dilishani mbele ya watu, we unafikili mzee atasimama? Jailo, mwanangu, huyu hawezi kupika kwenye nyumba ya kaka yangu. Ng'ombe wetu watalejea. Mimi nimesema, na ukoo umesema."

Jairo aligeuka. Na hapo, msomaji wangu, ndipo Atupele alipompenda kuliko siku zote, maana alisema:

"Shangazi, tuacheni kidogo. Nawaomba. Huyu bado ni mchumba wangu."

Shangazi alimtazama, akatema mate pembeni, akarudi nyuma hatua chache tu hadi kwenye migomba, akasimama huko huko. Kwenda ndani hakwenda.

Jairo alisogea karibu. Kwenye kucha zake palikuwa bado na oili ya siku ile aliyotoka Mbeya. Aliishika mikono ya Atupele yote miwili.

"Nisikilize. Nimekaa ndani na wale wazee, kichwa kinaniuma kwa jambo moja tu. Sikuwepo. Wewe ndiye uliyekuwepo. Watu wanasema hakusema kitu, lakini mimi namjua baba yangu. Asingekwenda bila neno. Alisemaje, Atu?"

"Jairo..."

"Hata kama ni kidogo. Niambie, nami nitasimama mbele ya ukoo wote niseme huyu ndiye aliyelipokea neno la baba, huyu ni mke wangu, na asiyetaka aondoke yeye. Nakuapia. Sitajali ng'ombe wala shangazi."

Alikuwa na maana hiyo. Ilionekana machoni. Kila kitu alichokitaka Atupele duniani kilikuwa kimeshika mikono yake, kinamwomba neno moja. Na neno analo! Lakini alimtazama Jairo, akaona baba yake ndani ya uso ule, akamwona mtu ambaye angelala na maneno yale kila siku na kuamka nayo. *Mimi hakuniwekea pahali.* Angelichoma gari. Angejichoma mwenyewe.

Akasema uwongo. Ndiyo uwongo mkubwa kuliko wote aliowahi kusema, na aliusema akimtazama machoni.

"Alilitazama gari," akasema polepole. "Alisimama pale mlangoni. Alitazama ndani, kazi yako yote. Kisha akasema, 'Mwanangu ni fundi. Gari hili litafika mbali.'"

Jairo hakusogea. Kisha uso wake ukakunjamana. Tangu kuzika alikuwa hajalia mbele ya watu. Sasa alilia kwa sauti, ameinamia bega la Atupele, mwili wote unatikisika. "Alisema hivyo? Alisema fundi?" "Alisema hivyo, mpenzi." "Nilidhani hakulipenda. Alikuwa hasemi kitu, Atu, nilidhani hakulipenda." Atupele alimshika kichwa, akambusu nywele zilizonuka moshi wa matanga, akamwambia nyamaza, nyamaza, nipo. Aliona kwamba amefanya vema. Kwa mara ya kwanza tangu mvua ile alipumua hadi chini.

Kilio kikapungua. Jairo akatulia begani mwake. Atupele alihisi bega la mwenzake likikaza kidogo kidogo, kama mtu anayewaza.

"Alisema hivyo akiwa wapi?"

"Hapa. Mlangoni."

"Kabla hajaanza kutembea?"

"Kabla."

Jairo aliinua kichwa. Macho yalikuwa mekundu, lakini yalikuwa yamekauka.

"Basi alilipenda."

"Ndiyo."

"Alilipenda gari. Anaumwa. Gari liko mlangoni, linawaka, amelisifia kwa mdomo wake." Alikuwa akisema taratibu, kama anavyotafuta hitilafu kwenye injini, anagusa kitu kimoja baada ya kingine. "Kwa nini asipande?"

Atupele akageuzia uso upande wa gari.

"Nilikuwa nawaza labda hakulitaka gari. Labda niliharibu. Usiku silali nawaza viti, Atu. Nikawa nasema labda ni mimi." Akaachia mikono yake. "Kumbe si gari."

"Jairo, usiende huko."

"Kama si gari, ni nini? Ni aliyeshika usukani. Alitaka kupanda, ukashindwa kutoka kwenye njia yake."

"Ningetokaje? Nani angeendesha?"

"Ungekimbia kwenye chai ukaita mtu mmoja! Ungejifunika! Ungejitia upofu! Baba yangu alikuwa anataka kupanda gari langu, wewe ukakaa humo kama malkia, kiti chake na kiti chako, mpaka akaona bora atembee!"

"Nilikuambia viti..." Neno lilimtoka kabla hajalishika.

"Viti vina nini? Viti vina nini, baba ameshavisifia?"

Hapo sasa. Atupele aliona shimo lote alilolichimba kwa mkono wake, na aliona pia kamba ya kutokea. Ilikuwa sentensi moja tu. Jairo angeamini, maana angeisikia sauti ya baba yake ndani ya yale maneno. Mtu hawezi kuyatunga. Angeamini, na angemrudia akipiga magoti. Na kuanzia hapo, kila akimtazama mkewe, angeisikia tena.

Migombani Shangazi alikuwa amesogea. Manyunyu yalikuwa yameacha, na ukungu ulikuwa ukishuka kutoka Mlima Rungwe.

"Sema," Jairo akasema. "Kama kuna kingine, sema sasa."

"Hakuna kingine," Atupele akasema.

"Basi nenda kwenu."

"Unanifukuza wewe, au ukoo?"

Alichelewa kujibu. Kuchelewa huko kulimwumiza Atupele kuliko jibu lenyewe, maana alijua bado anapendwa, na kwamba haitasaidia.

"Mimi," Jairo akasema. "Sitaweza kukaa kwenye gari lile na wewe. Kila nikikutazama nitamwona anatembea."

Atupele alichukua mkasi wake wa kushonea na kijifuko chake cha nguo. Turubai aliliacha kwenye cherehani, sindano bado imo. Alimpita Shangazi bila kuinamisha kichwa, na yule mama akampisha. Kwenye ua alisimama kufunga kiatu, Jairo akampita na kuingia ndani. Ndani kulikuwa na kelele za viti vinavyosogezwa, kisha ikasikika sauti ya Jairo, amesimama katikati ya waombolezaji.

"Ndugu zangu, nimepata neno la baba. Neno lake la mwisho. Alilitazama gari langu, akasema, 'Mwanangu ni fundi. Gari hili litafika mbali.'"

"Amina," wazee wakaitikia. Mwanamke mmoja alipiga kigelegele chembamba cha huzuni, na wengine wakampokea.

"Alisema litafika mbali," Jairo akarudia. Sauti yake ilikuwa imepona. Ilikuwa nzima, ya mtoto aliyebarikiwa.

Atupele aliisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua lango la wigo, akalitia kamba nyuma yake ng'ombe wasitoke, akashika njia ya kwenda barabara kuu kusubiri gari la Isongole.